Nyumba ya Nyuma ni Yangu

Bonifasi,

Nimekukosea. Naanza na hilo, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, si unanijua. Nilikukosea ukiwa hai, na tangu tukuzike naendelea kumkosea mkeo. Ile kodi ya majengo iliyokufanya uuze baiskeli haikuwa yako yote. Sehemu kubwa ilikuwa ya nyumba yangu ya nyuma. Na mimi nilijua. Usije ukadhani nimegundua jana. Nilijua tangu siku waliyokuja kupima.

Leo Jumapili. Tumetoka misa, mke wangu Skolastika kaenda kwa dada yake, kaenda kwa hasira, nitakueleza. Nimekaa barazani kwangu na kutoka hapa namwona Agripina uwanjani kwako anaanika maharage. Ameinama, anachambua, anatupa mabovu kwa kuku. Halmashauri imempa mpaka Ijumaa hii. Kodi ya mwaka jana haijalipwa, ya mwaka huu haijalipwa, na juu yake kuna faini ya kuchelewa. Asipolipa watakuja kukamata mali. Yeye ameamua asingoje. Anasema ataezua mabati ya nyumba kubwa ayauze mwenyewe kwa bei yake, alipe, kisha awachukue watoto waende kwa kaka zake Kanazi. Nyumba yako, Bonifasi. Ile uliyochoma tofali zake mwenyewe kule bondeni mpaka nyusi zikaungua.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana uliondoka hujui.

Unakumbuka ule mwaka malori ya chakula cha wakimbizi yalivyojaa hapa mjini, usiku na mchana vioo vinatetemeka. Kila mtu alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha madereva. Ulikuwa unasema, "Hata banda la kuku siku hizi likipakwa chokaa linapata dereva." Mimi nilitamani. Lakini kiwanja changu kimekaa mtelemkoni, gari la mawe halishuki. Nikaja kwako kuomba njia. Njia tu. Hukuniacha nimalize. Ulichukua panga ukaanza kufyeka ule ua wa minyaa kati yetu, maziwa yake yanakurukia mikononi, unasema, "Jenga huku juu, nyuma ya kwangu. Kwani kiwanja kinaliwa?" Skolastika akauliza kama tuandikishane. Ukamcheka. "Shemeji, tuandikishane kama watu wa mahakamani?"

Nikajenga vyumba vitatu kwenye ardhi yako. Madereva wakaja. Mwisho wa mwezi mimi nachukua kodi ya pango, wewe nakuletea kilo ya sukari. Na ulikuwa unashukuru kama nimekupa ng'ombe. Nilinunua pikipiki kwa vyumba vile.

Halafu ule mkutano wa kata. Yule bwana wa majengo alisimama akaeleza kwamba sasa nyumba za mjini zitalipiwa kodi. Wewe ukanyoosha mkono: "Bwana, kodi ya kichwa mimi nimelipa. Sasa na nyumba yangu nayo ina kichwa?" Watu walicheka mpaka mtendaji akafunika uso. Bwana yule naye akacheka, kisha akajibu vizuri, mambo ya maana. Akasema hii ni kodi ya jengo, wanaangalia ukubwa wake, kuta zimejengwa kwa nini na juu limeezekwa kwa nini. Anayelipa ni mwenye nyumba, mpangaji haimhusu. Hata chumba kikikaa bila mtu, jengo linalipiwa. Na ukiona kiasi kimezidi una mwezi mmoja wa kupeleka pingamizi, ukipita umepita. Wewe ulikuwa bado unapeana mikono na waliokucheka. Sikulaumu. Nasema tu kwamba mimi nilisikia kila neno.

Walipokuja kupima wewe ulikuwa Mabawe kwenye matanga ya baba yako mdogo. Agripina na watoto wote huko. Mimi nilikuwa nyuma napaka chokaa, mikono myeupe mpaka viwiko. Wakatokea wawili. Walimaliza nyumba yako kubwa, wakaja kwangu. Mmoja akauliza, "Na hii ya nani?"

Nikasema, "Ya mwenyewe wa hapa. Yuko msibani."

"Na wewe?"

"Mimi fundi tu, bwana."

Akatazama ukuta, akasema, "Kazi nzuri, fundi. Hebu nishikie hapa." Akanipa ncha ya futikamba. Nikashika. Bonifasi, nilizunguka nao pembe zote nne, nimeshika ncha, wakapima nyumba yangu na kukuandika wewe. Walipoondoka walinishukuru.

Kwa nini. Nimejiuliza sana, na jibu ni la aibu kwa udogo wake. Pikipiki nilikuwa nimetoka kuinunua, mfukoni sina kitu. Nikaona ua haupo, kiwanja ni chako, mtu yeyote angeandika hivyo. Nikasema Bonifasi akirudi nitamwambia, tutachangia. Ukarudi umenyoa nywele, umechoka, macho mekundu. Nikasema kesho. Na kesho yake nikasema kesho.

Karatasi ilipokuja ulinijia nayo mimi. Ina jina lako, namba ya kiwanja na kiasi, basi. "Baba Yusta, hebu soma. Ni macho yangu au ni hizi sifuri zao?" Nikasoma. Nikaisoma mara ya pili na wewe ukadhani nimeshtuka kwa ajili yako. Hapo ndipo pa kusema wamehesabu na yangu, twende tukapinge, tuna mwezi mzima. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni hiki: "Labda wamehesabu jiko na choo. Navyo si vina bati?"

Asubuhi ukaja kuazima ngazi uezue jiko.

Nilikushikia ile ngazi. Wewe juu unang'oa misumari unaimba, mimi chini napokea mabati moja moja nayaegemeza ukutani. Agripina kasimama mlangoni, mikono kiunoni: "We mwanaume, na mvua je?" Ukamjibu kutoka juu, "Mvua haitozi kodi!" Nikacheka. Ulitaka nicheke, nikacheka. Mkatandika lile turubai la plastiki la kambini, mkaweka mawe pembeni.

Shamba likakuchelewesha wiki kadhaa, ndipo ukaenda halmashauri kuwaambia umepunguza bati, na wao wapunguze. Uliporudi ulinisimulia mwenyewe, tumekaa tunakunywa rubisi. Ulimwigiza yule karani kwa ile sauti yake ya puani: "Mzee, umeezua jiko ili ukwepe kodi? Jiko halikuhesabiwa. Nenda kalirudishie bati." Na mwezi wa pingamizi ulikuwa umekwisha. Ulicheka. Lakini rubisi hukumaliza, uliimwaga chini ukasema, "Basi nyumba yangu ni kubwa kuliko ninavyoijua."

Neno hilo silali nalo vizuri.

Mabati ya jiko yakaenda, hayakutosha. Baiskeli ikaenda. Ukaanza kupanda kile kilima na mikungu ya ndizi begani, mtu wa umri wetu. Siku moja nilikupita na pikipiki, nikasimama, nikakupakia wewe na mkungu wako mpaka sokoni. Uliposhuka ukaniambia Mungu anibariki. Niliondoka haraka kweli.

Homa ilipokushika haikutupa nafasi. Na kwenye maziko ndugu zako wakakaa pamoja wakasema mimi ndiye rafiki, mimi nitoe tangazo. Unalijua lile tangazo, kila msiba linatolewa. Nikasimama karibu na kaburi lako kabla halijafukiwa, nikasema kwa sauti mpaka waliokuwa barabarani wakasikia: kama kuna mtu anamdai marehemu, au marehemu anamdai, aje aonane na familia, asiende na jambo moyoni.

Nilisema hayo mimi. Kinywa hiki.

Alikuja mtu mmoja tu, yule bibi wa bondeni, amebeba jembe lako aliloazima msimu uliopita. Akampa Agripina akapiga magoti. Mimi nilikuwa nakunja turubai la msiba nahesabu viti vya kurudisha kanisani, nikajifanya nina kazi nyingi.

Mambo yamebadilika tangu uende. Wanyarwanda wamerudishwa kwao, malori yamepungua, mji umenyamaza mpaka unasikia jogoo wa mtaa wa pili. Ndizi zimekosa bei. Vyumba vyangu vitupu, kufuli limeshika kutu. Lakini kama alivyosema yule bwana, jengo linalipiwa hata bila mtu, na linaendelea kuandikwa kwako. Lile turubai la jiko limechanika katikati. Mvua ikinyesha Agripina anahamishia mafiga kwenye kibaraza cha nyumba ya nyuma. Mara ya kwanza alikuja kuniomba ruhusa. Na kila mara ananishukuru: "Asante shemeji kwa kibaraza." Anapikia kwenye kibaraza anachodaiwa yeye, ananishukuru mimi.

Alhamisi alinijia. "Shemeji, nitakusumbua tena ile ngazi yako. Alhamisi ijayo naanza kuezua. Uje unishikie, hawa watoto wataniangusha." Nikamjibu sawa. Nilisema sawa, Bonifasi! Akashukuru akaenda, na mimi nikakaa chini pale pale kwenye udongo.

Jioni ile nikamwambia Skolastika kila kitu. Akaanza: "Kwani wewe ulisema nini? Ulisema fundi. Si ulijenga kwa mikono yako? Basi hukudanganya. Waliandika wao." Nilitaka kucheka, maana mimi mwenyewe nimejiambia hivyo miaka yote hii. Kisha akalia. "Na wakikufunga? Na ada ya Yusta? Na yeye Agripina akisema tutoke kwenye kiwanja chake, utabeba nini mgongoni, tofali?" Ndiyo hasira aliyokwenda nayo leo kwa dada yake.

Ijumaa nikaenda halmashauri. Nikamuuliza yule bwana wa majengo kama vile namuulizia mtu mwingine, kwamba mtu akiwa na nyumba kwenye kiwanja cha mwenzake inakuwaje. Akaniambia ni rahisi tu. Mwenye jengo aje aseme ni lake, mwenye kiwanja au mjane wake awepo, mtendaji ashuhudie, jengo litaandikwa kwa mwenyewe na deni lake litamfuata. Kilicholipwa nyuma halmashauri haikirudishi, hicho mtalipana wenyewe. Nikauliza na adhabu. Akasema hilo litategemea mtu mwenyewe ataeleza nini. Halafu akanitazama usoni muda mrefu. Sijui kama alinishuku. "Mwambie huyo mtu asichelewe," akasema. "Ikifika Ijumaa mimi natekeleza tu."

Basi nitafanya hivi.

Kesho asubuhi naenda kwa Agripina. Nitasimama pale uwanjani, sitaingia ndani, maana nikiingia atanikaribisha chai na nikinywa chai yake nitashindwa. Nitamwambia yote, ya futikamba na ya jiko. Siombi anielewe. Akinipiga na mwiko ni haki yake.

Jumanne mwalimu mmoja wa Nyarubungo anakuja kuchukua pikipiki, tumeshapatana. Ile pesa ni ya kodi. Itatosha miaka yote miwili, ya nyumba ya nyuma na ya kwako pia pamoja na faini, kwa sababu usingeuza baiskeli kama si mimi. Nikibakiwa na kitu ni cha mabati ya jiko. Nisipobakiwa nitakopa.

Na kiwanja kinabaki chako na cha watoto wako, sitakata hata hatua moja. Agripina akisema nyumba ikae, itakaa, na kodi yake kila mwaka nitaipeleka mimi. Akisema nibomoe, nitabomoa. Tofali zangu nitazishusha mtelemkoni kwa kichwa kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Naogopa, Bonifasi. Naogopa zaidi uso wa Agripina kuliko wa karani yeyote.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Huwezi kunijibu, na nikijijibia mwenyewe nitajijibu ninavyopenda. Pumzika tu, ndugu yangu. Nimekusumbua umelala.

Jumatano asubuhi, ofisi ikifunguliwa, nitakuwa mbele ya meza ya yule bwana na fedha mkononi. Agripina akikubali kuja nitasema mbele yake. Akikataa hata kunitazama nitaenda na mtendaji peke yangu, nitasema hivyo hivyo, kwa jina langu lote.

Mimi,
Gervasi