Mkono Safi wa Nakhungu

Kwa mkono wa Mwalimu Hiram,
Myanga,
Bungoma.
Jumamosi, 12 Mei 1951

Mpendwa ndugu yangu Jairus,

Pokea salamu zangu mimi dada yako Rispah. U hali gani huko Kitale, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku tu wazima. Mama anatembea vizuri, mahindi yamefika magotini, na mwanao Wabwile ni mzima kabisa. Hilo nalisema kwanza, maana nakujua, utaacha trekta ya watu katikati ya shamba uje mbio. Kaa chini usome.

Wiki tatu zilizopita chifu aliamuru watoto wote wapelekwe sokoni kuchanjwa ndui, kwa kuwa ugonjwa ulisikika upande wa Cheptais. Tulikwenda mimi na mkeo Wilkista, kila mmoja na mtoto wake mgongoni. Dresa wa dispensari, Bwana Wekoye, akawachanja mkononi karibu na bega. Walilia kidogo, tukarudi.

Siku ya nne mkono wa Wabwile ukaota kipele. Siku ya saba kilikuwa kimejaa usaha, mkono umevimba hadi kwapani, mtoto anawaka homa na titi hataki. Jairus, nilishtuka mno! Mama alipotazama, alirudi nyuma akashika mdomo. Yeye aliiona ndui akiwa msichana, na iliwachukua ndugu zake wawili. Akasema ni yenyewe, mtoto amepakwa ndui.

Unajua desturi, mwenye ndui hutengwa. Basi tukamtoa mkeo na mtoto, tukawaweka katika kile kibanda cha kulindia mtama ng'ambo ya shamba. Naandika "tukamtoa," lakini aliyebeba mkeka ni mimi. Aliyekuwa akiweka chakula njiani, anaita kwa mbali kisha anakimbia, ni mimi. Wilkista alikuwa akilia, "Wifi! Wifi!" nami sigeuki. Niliona uchungu, lakini woga ulizidi.

Tena nilimsema. Nilisimama kule mbali nikamwuliza mbona Nakhungu wangu mkono wake ni safi, hata kipele hana? Kwa maana siku ile ya chanjo mimi nilijifanya mjanja. Tulipofika mtoni nilimwosha binti yangu kwa sabuni, nikasugua pale palipochanjwa mpaka akalia upya. Sokoni walisema ati dawa yenyewe inatoka kwa ng'ombe mgonjwa. Wilkista nilimwambia naye aoshe, akakataa, eti dresa amekataza maji. Nikamcheka njia nzima.

Siku ya kumi dresa akaja kukagua mikono. Alipomwuliza Mama mjukuu wake yuko wapi, Mama akaonyesha kibanda kwa kidole. Yule bwana akaingia bila hofu, akamwinua Wabwile, akautazama mkono, akacheka!

"Hii chanjo imeshika vizuri sana," akasema. "Homa itakwisha, kidonda kitakauka kibaki kovu. Ndui haimwezi huyu. Nani amewaambia mumtupe huku?"

Mimi nikamletea Nakhungu, bado nina maringo yangu. Akaugeuza ule mkono safi mara mbili, akaniuliza kama niliuosha. Kisha akasema, "Huyu haikushika. Huyu ndiye wa kumhofia."

Ndugu yangu, nilikaa chini kwenye matope na gauni langu la kanisani. Nilimtenga mtoto aliyekingwa, nikamlaza kifuani kwangu yule niliyemvua kinga kwa mikono yangu mwenyewe!

Dawa ilikuwa imemwishia. Akaniambia nimfuate Jumanne Cheptais, kule kule ugonjwa uliposikika. Nililia siku nzima. Jioni mkeo akaja kukaa nami, mtu niliyemlaza kibandani siku tatu, akasema tutakwenda wote, maana mimi njia siijui. Tulipanda lori la mahindi, tukamalizia kwa miguu. Nakhungu nilimfunika kitambaa usoni kila tulipokutana na watu. Alichanjwa tena, na safari hii mkono wake niliukumbatia kama yai.

Wilkista nimemwomba msamaha. Amesema atanisamehe nami nikilala kibandani siku tatu. Alikuwa akicheka, lakini kwa kweli sijui.

Leo ni siku ya nne. Tangu asubuhi nimemfunua Nakhungu mara saba. Mkono ni safi. Hana joto, ananyonya, anacheka, na kila akicheka moyo wangu unapasuka.

Nisalimie jirani yako Abdi na mkewe Ladan. Mama anakubariki, na Wilkista ataandika barua yake mwenyewe, jiandae. Jumapili ukienda kanisani, usituombee afya kama siku zote. Mwombee mwanangu homa. Mungu akulinde wewe huko, na Nakhungu amjalie kidonda.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Rispah