Blauzi ya Njano

Shangazi yangu mpenzi,

Huku kwenye banda la nyanya joto halisemeki. Sisi wanafunzi wa kilimo tunashinda tukikata machipukizi, na mikono imekuwa ya kijani, haitakati hata kwa sabuni.

Ile blauzi ya njano niliyoletewa na mchumba mliyenichagulia niliivaa kazini. Nzi weupe wote wakanivamia! Kumbe wanapenda njano, hata mitego ya gundi ya kuwanasa ni ya rangi hiyo. Msimamizi akacheka: “Leo mtego unatembea!”

Kila ukipiga simu unauliza jibu langu kwa mchumba huyo. Shangazi, silali, situlii. Jana blauzi niliipaka gundi nikaitundika katikati ya nyanya, na inanasa nzi kweli kweli. Mpelekee jibu hilo.

Baba usimwambie kwanza.

Mtoto wa kaka yako