Whisky ya Placement na Magoti ya Maman

Jumamosi, siku ya posho, kisha chakula ya mangaribi

Na siwezi hata kukasirika. Ndiyo yenye inaniuma zaidi.

Miaka ine nimechunga ile chupa ya whisky mu kabati, katikati ya mashuka. Mwalimu mwenzangu aliniambia ile kiwanda ilifungwa, chupa zimebakia kidogo, kwa hiyo bei itapanda kila mwaka. Nikanunua moja, placement yangu, pesa ya kuweka ili izae. Bibi yangu wa ndoa, Espérance, alicheka: «Wengine wananunua ngombe, wewe unanunua pombe ya kuangalia.»

Leo mununuzi alikuwa anakuja kuichukua. Ile pesa ilikuwa ya kuandikisha binti yetu Aline ku université. Nafungua kabati: chupa iko wazi, imebakia nusu.

Mama ya Espérance, mwenye alifika juzi toka Nyangezi, alikuwa amekaa ku salon, magoti inang'aa.

«Mukwe wangu, ile dawa yenu ya kupakaa iko na nguvu! Inanuka moshi, lakini leo nimepanda kilima ya Bagira bila fimbo.»

Kugombeza maman mukwe? Kwetu haifanyike. Nilisema tu: «Aksanti, maman.»

Mununuzi aliangalia chupa, akaniangalia, akaenda. Nitaomba avance ya mushahara ku masomo kwenye ninafundisha, lakini kama wanakatala, Aline nitamwambia nini...

Yenye ilibakia tuliimimina mu bilauri tatu. Iko tamu, kwa kweli. Maman alionja, akafungua macho.

«Kumbe ni ya kunywa? Na mulikuwa munaiangalia tu, miaka ine yote?»