Simu ya Mama Goodness imelia

Ndugu yangu Patrisi, simu ya marehemu mke wangu imelia leo mezani! Ujumbe wa zahanati: "Mama Goodness, usikose kliniki kesho." Hao hao waliomcheleweshea gari la wagonjwa mpaka akafa!

Nikaacha jembe mlangoni, mbio hadi kwao. Dada wa kompyuta ananiambia, "Baba Goodness, niliiagiza mashine itume ujumbe kwa kila jina linaloanza na Mama."

"Hata waliokufa?"

"Neno marehemu tunaliandika mwishoni mwa jina. Mashine inaangalia mwanzo tu."

Mwanzo tu, Patrisi! Na mganga mfawidhi, mkuu wao, anacheka: "Pole mzee, ni kompyuta hiyo."

Nikasema mfuteni. Dada akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, nikapiga kelele, "Acha!"

Nimerudi nyumbani Buger. Simu yake nimeichaji tena.