Bahasha Isiyo na Picha

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu, mimi na mwanao, tukiwa wazima wa mwili. Habari za huko? Mgongo umepoa, au bado unalala na chupa ya maji ya moto? Na yule bibi unayemlea, bado anakuita kwa jina la binti yake? Nakujua, umekwisha kuitikisa bahasha hii ukitafuta picha, maana simu yako ya vibonyezo haipokei hata moja. Haimo, Dada. Sikusahau. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu unikasirikie kwa raha zako.

Studio inakwenda hivyo hivyo. Mwezi uliopita nilipata kazi kubwa kutoka shuleni kwa Chiriku, kama bado tunavyomwita mwanao kwa mdomo wake usiopumzika. Mwalimu wao wa ushauri nasaha alimtaka kila mwanafunzi alete picha ya uso wake, asimame mbele ya wenzake na aseme anamwona nani pale. Alisema mtoto wa umri ule hushinda kwenye kioo na bado hajioni. Basi darasa zima likanishukia. Unajua mkono wangu ulivyozoea: picha haitoki kwangu bila kusafishwa. Nikawafuta chunusi, nikawapanga meno, na kijana mmoja mwenye masikio kama vishikio vya sufuria nikamlaza masikio yake kichwani. Hawakuniomba, wala sikuwauliza. Chiriku naye nikamsafisha kama siku zote, nikajiona nimewafanyia hisani.

Wiki haikuisha, mwalimu akanijia studio na fungu la picha mkononi. Ni mama mpole asiyepandisha sauti, na siku ile heri angepandisha. Alinieleza kwamba kazi yake imekwama, kwa kuwa watoto walisimama wakashindwa kujitambua pichani. Yule wa masikio alisema huyo pichani ni binamu yake aliyebahatika, darasa likaangua kicheko. Ilipofika zamu ya Chiriku, hakuna aliyecheka. Alisema, kwa sauti ile ile anayotumia kunisomea gazeti, kwamba aliye pichani ni mtoto ambaye mama yake anampenda, ila yeye mwenyewe hajawahi kukutana naye. Kisha akaketi.

Tangu hapo nyumba imepoa. Mtoto tuliyekuwa tukimwomba anyamaze ili tusikie redio, sasa anakula kimya, mtandio umefunika shavu la kushoto hata akiwa jikoni kwenye joto. Hakuwa hivyo, Dada. Alipokuwa mdogo, watoto wa jirani wakimuuliza ana nini shavuni, aliwajibu ni ramani ya hazina, tena akiwadai pipi ndipo waiguse.

Sasa kaa, kama umesimama. Kovu halijapotea.

Birika lile la maji ya moto lililomuunguza uliliweka wewe ukingoni mwa meza, na siku ya safari yako uliniambia huwezi kuutazama uso wa mwanao bila kujilaumu. Ulimuaga ukiangalia pembeni. Kwa hiyo, kwenye picha ya kwanza niliyokutumia nililifuta kovu, nikidhani nakupunguzia mzigo. Ukapiga simu ukilia kwa furaha, ukimshukuru Mungu kwamba limeisha. Nilitaka kukwambia ukweli, lakini niliona vibaya kukunyang'anya furaha ile. Nikafuta tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Na yeye alikuwa amekaa kando yangu, miguu haifiki sakafuni, akinitazama ninavyofuta, kisha akikusikia kwenye simu ukisema sasa mwanangu amependeza. Nilidhani ninayemdanganya ni wewe tu.

Mwalimu alipoondoka nikaazimia kumpelekea picha ya kweli. Nikafungua kompyuta. Unaujua ubahili wangu wa nafasi: nikishasafisha picha, huihifadhi juu ya ile ya asili, na ya asili inakwenda na maji. Nimepekua kila mahali. Tangu ana miaka saba mpaka leo anapotimiza kumi na mitano, hatuna picha hata moja yenye uso wake. Na mjomba wake ni mpiga picha! Nililia mbele ya mashine ile, sikufichi.

Nilimwomba nimpige picha upya, akakataa. Alisema mimi niliyelifuta kovu ndiye nilirudishe, nikuandikie kabla hujaanza safari ya likizo, kwa sababu anaogopa ukifika utamtafuta yule mwingine. Ameniuliza kama utamtambua. Bado hajanisamehe.

Basi nakuandikia uso wake. Kovu linaanzia chini ya sikio la kushoto, linashuka na shavu, na karibu na mdomo linagawanyika sehemu mbili. Ni jeusi kidogo kuliko ngozi yake, na kingo zake zinang'aa akitoka jasho. Linavuta mdomo, kwa hiyo akicheka kicheko huanzia kulia, kushoto kunafuata kwa kuchelewa. Nalijua vizuri kuliko uso wangu mwenyewe, maana nimelifuta kipande kwa kipande.

Siku utakayofika, ameahidi kuja nami kukupokea. Mtandio atauacha nyumbani, nami kamera nitaiacha. Hatakupungia mkono wala hatakuita. Atasimama tu, akingoja uone mwenyewe.

Msalimie bibi wa huko, na mgongo uutunze, usibebe mizigo peke yako. Mengine tutazungumza ukifika, hata kama ni ya kunigombeza. Ila siku ile, Dada, nakuomba, usiangalie pembeni.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea wewe, na yeye zaidi,

Mjomba wa Chiriku