Gauni Limekataa, Wewe Umeingia

Kaka,

Chai iko kwenye chupa. Pasi usiiguse, bado ina moto.

Tangu alfajiri nahangaika kuweka picha ya gauni la harusi kwenye tovuti uliyonitengenezea. Nikibonyeza “hifadhi”, inanijibu: “Kuna tatizo. Jaribu tena.” Tatizo gani, haisemi. Nilipokuamsha ukajifunika shuka: “Jaribu na picha nyingine, dada, tuone.” Nikakupiga picha wewe, umelala mdomo wazi. Ikaingia papo hapo.

Sasa uko pale, chini ya “Magauni ya Harusi”, na shangazi yake bibi harusi mmoja anachagua fundi humo asubuhi hii. Nikijaribu kukufuta: “Kuna tatizo.” ~~Tovuti yako siitaki tena.~~ Ukiamka tu, itoe hiyo picha kabla ya kunywa chai.

Uliniahidi kwa tovuti hii sitabisha tena hodi kwa watu huku natetemeka. Haya, gauni lenyewe nimelitia kwenye begi, nalipeleka kwa mkono. Maneno ya kusema mlangoni nimeyarudia mbele ya kioo mpaka kinywa kimekauka.

Shangazi akiniuliza yule wa mdomo wazi ni nani, nitasema simjui.

Dada yako