Kiraka Kwenye Mguu wa Kushoto

Gitega, 4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Mwakiro? Mgongo wa Mama vipi, na Bahati anakwenda shule au bado anajificha shambani? Mimi mzima, ila nina hofu, na sitaki kuzunguka.

Tangu tuanze mazoezi, kocha Rachid anatuvua viatu kila asubuhi. Anasema miguu yetu imelala, na winga asiyehisi ardhi hawezi kukimbia kasi wala kugeuka ghafla. Tunatembea juu ya changarawe, tunaokota kokoto kwa vidole. Jumanne alitufunga vitambaa machoni, akapita na unyasi kutugusa nyayo. Wenzangu walikuwa wanacheka hoi. Mimi nikawa nasubiri zamu yangu, mara nikamsikia: "We Jeska, mi nimekugusa mara tatu. Iko unalala?" Nikacheka na mimi. Baba, sikuhisi kitu.

Pembeni ya mguu wa kushoto, hadi kidole kidogo, kuna kiraka kilichopauka. Nimekichoma kwa pini, kimya. Nikitaka kukata kwenda kulia, mguu huohuo ndio unaopaswa kusukuma, nao unanitoroka. Mchujo wa timu ni mwezi ujao. Umewahi kuona kitu cha namna hii? Naogopa sana.

Binti yako,
Jeska

Mwakiro, 11 Februari 2024

Mwanangu Jeska,

Marahaba. Huku tunapumua. Mama yako anainama vizuri sasa, na Bahati shule anakwenda, kwa kusukumwa. Barua hii nampa Godfrey wa lori la maharagwe akukabidhi mkononi.

Usimwonyeshe mtu. Si kocha, si wenzako, si muuguzi. Vaa soksi, sema una fangasi. Bibi yako hakufa kwa malaria kama tulivyokuambia. Alikuwa na ukoma. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania tulitengewa kibanda karibu na vyoo, na watu walikataa kuchota maji baada yetu. Hapa tumerudi, tumerudishiwa nusu ya shamba, na jirani bado anatafuta sababu ya kutung'oa. Wakilisikia neno hilo tumekwisha.

Njoo nyumbani kimya kimya. Nitajua la kufanya. Na hii uichome.

Baba yako,
Gervasi

Gitega, 20 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijui nijiite mzima au mgonjwa.

Sikuja, nisamehe. Niliutaka mchujo. Wiki tano nilivaa soksi, na kila nikizivua nilihesabu vidole vyangu. Siku yenyewe tulikuwa tunazunguka vigingi bila viatu, nikageuka kulia kwa kasi zangu zote, wenzangu wakaanza kupiga kelele. Soksi ilikuwa imelowa damu. Kipande cha chupa kilikuwa ndani ya mguu, nami nilikuwa nimekimbia nacho mizunguko miwili sina habari. Farida, beki wetu, alilia kuliko mimi.

Kocha alinivua soksi mwenyewe. Nilijua ananifukuza. Akakitazama kile kiraka, akasema, "Hii haiko kitu ya kuficha, mwanangu. Dawa yake iko. Twende kwa muuguzi, tout de suite, sasa hivi."

Ni ukoma, Baba. Nimeliandika neno hilo. Lakini ni vidonge, vya bure, na nimeshaanza kuvimeza. Kuhisi kunaweza kurudi, kunaweza kusirudi. Muuguzi amesema ningewahi ingekuwa heri. Timu imechaguliwa bila mimi. Kocha amenibakiza mazoezini, ananifundisha kugeuka kwa hatua fupi huku nautazama mguu ninapoutua, kwa sababu wenyewe hauniambii kitu. Najihisi mtoto wa mwaka mmoja.

Muuguzi anataka wote tulioishi nyumba moja wapimwe. Aliniuliza nani mwingine ana kiraka. Nikamwambia bibi, lakini alikufa kabla sijazaliwa. Akaacha kuandika. Akasema basi nimeupata kwa mtu aliye hai.

Mpeleke Bahati hospitali ya Muyinga. Nijibu haraka, nakuomba.

Jeska wako

Gitega, 18 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Godfrey anasema barua uliipokea, uliisoma umesimama, ukaenda shambani bila jembe. Bahati ana nini? Kama anaumwa niambie. Kila lori likiingia sokoni nakwenda kumtafuta Godfrey.

Jeska

Muyinga, 6 Mei 2024

Mwanangu,

Pokea salamu zangu kama bado unazitaka. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali. Bahati amepimwa, hana kitu, wamempa dawa ya kinga. Mama yako naye hana.

Ni mimi. Viraka vitatu mgongoni na kimoja kisiginoni. Nilivijua tangu una miaka tisa. Jina lake nililijua, maana nilimzika mama yangu nalo, na bado nilivaa shati nikanyamaza, kwa ajili ya shamba. Nilikula nawe sahani moja. Ulipokuwa na homa nililala nawe kitanda kimoja. Nilipokuambia njoo, nitajua la kufanya, nilikuwa sijui lolote. Niliogopa wakikupima watakuja kuniuliza mimi.

Jirani amekwisha kusikia. Amehamisha mbuzi wake mbali na ua wetu. Ahamishe. Shamba nililiogopea miaka yote hii, leo hata silifikirii. Naogopa utaisoma hii, kisha ukae kimya kama nilivyokaa mimi. Niandikie, Jeska, hata kama ni kunitukana.

Baba yako